PhD ya anthropolojia Uganda: mwongozo kamili kutoka wazo la kwanza hadi utetezi

Wanaokwama kwenye PhD ya anthropolojia hapa Uganda hukwama karibu wote mahali pamoja: kati ya andiko la dhana (kurasa chache za kueleza wazo lako) na siku ya kwanza uwandani. Udahili wa awali wanaupata. Kisha mwaka unapita, pendekezo linarudishwa, linarekebishwa, linarudishwa tena, kamati ya maadili inauliza maswali ambayo hawakuyatarajia, na ada inaendelea kudaiwa. Si kwamba hawana akili wala bidii. Wamefanya hatua ya tano kabla ya ya pili, au hatua ya pili wameipitia juu juu kwa haraka ya kufika uwandani.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti miongoni mwa Wakongo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Kiswahili ni lugha ya kila siku kwa Wakongo wengi pale, na utafiti kuhusu wakimbizi hupita karibu kila ofisi unayoweza kukutana nayo. Ukiielewa njia hiyo, utafiti wa Kampala, Gulu au Karamoja hautakushinda.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vyeti na matokeo ya shahada ya kwanza na ya uzamili, nakala zilizothibitishwa. Kama ulisoma nje ya Uganda, hata kama ni Nairobi au Dar es Salaam, anza mapema kutafuta barua ya ulinganisho wa vyeti kutoka Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE).
- Tasnifu yako ya uzamili kama faili moja la PDF. Msimamizi mzuri ataiomba ili aone unavyoandika ukiwa peke yako.
- Wadhamini wa kitaaluma wawili au watatu waliokufundisha kweli, si wakubwa wanaokujua kwa jina tu.
- Lugha ya uwandani, au mpango wenye tarehe wa kuijifunza.
- Cheti cha mafunzo ya maadili ya utafiti unaohusisha binadamu, ambacho muda wake haujaisha.
- Kinasa sauti, madaftari, betri ya akiba au paneli ndogo ya sola, na diski ya kuhifadhia nakala.
- Bajeti ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza.

Kwenye bajeti ndipo watu wanajidanganya. Wanaandika ada ya chuo na nauli, basi. Ongeza ada ya kamati ya maadili, ada ya UNCST (baraza linalosajili utafiti nchini), kodi ya chumba uwandani, mshahara wa msaidizi wa utafiti, fidia ya muda na nauli kwa washiriki, kazi ya kunukuu mahojiano, uchapaji, na miezi ya kuandika ambayo hutakuwa na kipato. Karatasini PhD ya utafiti ni ya miaka 3. Panga 5.

## Hatua ya 1: Geuza mada iwe swali

Hatua hii ipe miezi, usiipe wikendi. Makosa mengi yanayoonekana baadaye, kwenye pendekezo na hata kwenye utetezi, yalizaliwa hapa.

Mada ni hii: "Changamoto za wakimbizi wa Kongo Nakivale." Haina mwisho. Mtu wa uchumi anaweza kuiandika, wa sheria anaweza, mfanyakazi wa shirika anaweza kuimaliza kwa dodoso ndani ya wiki mbili. Kamati ikiisoma itauliza: anthropolojia iko wapi?

Swali ni hili: "Mgao wa msaada unapopunguzwa, Wakongo wa Nakivale wanaamuaje nani ni ndugu wa kukopeshwa na nani ni mteja wa kudaiwa?"

Angalia kilichobadilika. Kuna kitendo kinachoonekana kwa macho: kukopeshana. Kuna wakati maalumu, kwa sababu mgao wa wakimbizi Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Na kuna fumbo la kianthropolojia ndani yake, yaani jinsi undugu unavyotengenezwa na kukatwa mahali ambapo koo zimetawanyika. Hilo linakuunganisha na mijadala ya zawadi na deni iliyoanza tangu mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, na pia na watafiti wa ukimbizi kama Liisa Malkki, ambaye miaka ya 1980 alilinganisha Wahutu wa Burundi walioishi kambini Mishamo na walioishi mjini Kigoma, Tanzania. Sasa una cha kusema nao.

Pima swali lako kwa njia tatu. Je, lazima ukae na watu muda mrefu ili ulijibu? Kama dodoso linatosha, hiyo si PhD ya anthropolojia. Je, unaweza kutaja sehemu 5 ambapo jibu litaonekana, kama dukani, kisimani, kanisani, kwenye foleni ya mgao, kwenye kikao cha kikundi cha akiba? Je, jibu linaweza kukushangaza? Kama tayari unalijua, unachotaka kuandika ni tamko.

Ukifaulu: unamwambia jirani yako swali lako kwa sentensi moja ya Kiswahili, anaelewa, na papo hapo anaanza kubishana nawe kuhusu jibu.

## Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Makerere kuna milango miwili mikuu. Wa kwanza ni Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, katika Chuo cha Insaniya na Sayansi za Jamii. Hapo PhD ni ya utafiti: unaingia na andiko la dhana, unapewa wasimamizi, unachukua kozi chache za pamoja, na sehemu kubwa ya kazi unaifanya peke yako. Wa pili ni Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere (MISR), yenye programu ya darasani ya miaka 5 inayounganisha taaluma mbalimbali za jamii. Huko unasoma nadharia kwa wingi kabla ya kugusa uwanda, na shahada inayotoka ni ya masomo ya jamii kwa upana wake.

Ushauri wangu ni huu. Kama uzamili wako haukuwa wa anthropolojia, au hujawahi kusoma vitabu vizima vya ethnografia (maandishi ya mtafiti kuhusu maisha ya watu aliokaa nao), mlango wenye darasa utakufaa zaidi hata kama ni mrefu. Kama una msingi, una kazi na una familia, mlango wa utafiti unakupa nafasi ya kupanga muda wako. Lakini nidhamu itabidi utoke nayo nyumbani, kwa maana hakuna atakayekupigia simu kuuliza sura ya pili iko wapi.

## Hatua ya 3: Tafuta msimamizi kabla ya fomu

Wengi wanajaza fomu, wanalipa, halafu wanasubiri idara iwagawie msimamizi. Wanapewa mtu mwema asiyejua chochote kuhusu eneo lao.

Soma kwanza makala mbili au tatu za mtu unayemtaka. Kisha mwandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, swali lako ni lipi, makala yake ipi imekusaidia na wapi, na ombi la kumpelekea kurasa mbili. Usitume pendekezo la kurasa 40 kwa mtu asiyekujua. Asipojibu baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu. Ukiwa Kampala, nenda ofisini ukamsalimie. Kwetu kuonana uso kwa uso bado kunafungua milango ambayo barua pepe haifungui.

Muulize wazi ana wanafunzi wangapi sasa, na anarudisha sura baada ya muda gani. Waulize na wanafunzi wake, faraghani. Msimamizi mwenye jina kubwa ambaye hapatikani atakugharimu zaidi ya mwenye jina dogo anayesoma kila ukurasa.

Ukifaulu: una mtu aliyekubali kwa maandishi, na tayari amelikosoa swali lako mara moja.

## Hatua ya 4: Kutoka andiko la dhana hadi pendekezo

Andiko la dhana ni kurasa chache zinazokuingiza mlangoni kwa udahili wa awali. Pendekezo ndilo linalokupa usajili kamili. Usiyachanganye: andiko la dhana lionyeshe swali na kwa nini lina uzito, pendekezo lionyeshe kwamba unajua kila siku ya uwandani utaitumiaje.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayorudishwa zaidi. Mtu anaandika "nitatumia uchunguzi shirikishi na mahojiano ya kina," anaweka nukta, anaendelea. Kamati haiwezi kupima hilo. Andika hivi badala yake: utaishi wapi, utashiriki kazi gani, utakaa kwenye duka la nani kwa ruhusa ya nani, utafuatilia kaya ngapi na kwa nini hizo, mahojiano yatafanyika mwezi wa ngapi na kwa nini si mwezi wa kwanza. Mfano wetu: miezi 3 ya kukaa na kuchora ramani ya nani anakopesha nani, miezi 6 ya kufuatilia kaya 15, miezi 3 ya mahojiano ya kina na wale ambao tayari wanakuamini.

Kwa nini miezi 12? Kusini mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua, takriban Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Deni la wakati wa kupanda na deni la wakati wa kuvuna hayafanani hata kidogo. Ukikaa miezi 4 utaandika kuhusu msimu mmoja ukidhani umeandika kuhusu maisha. Angalia na kalenda ya siasa pia: uchaguzi mkuu huja kila miaka 5, na miezi ya kampeni mgeni mwenye kinasa sauti na maswali hutiliwa shaka hata akiwa na kila barua.

## Hatua ya 5: Vibali, kwa mpangilio huu tu

Soma sehemu hii mara mbili. Ukiruka ngazi moja, utarudishwa mwanzo.

Kwanza, idhini ya chuo. Kamati yako ya PhD na idara lazima ziwe zimepitisha pendekezo. Kamati ya maadili haitapokea kazi ambayo chuo chenyewe hakijaikubali.

Pili, kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na UNCST, yaani Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Shule ya Sayansi za Jamii ya Makerere ina kamati yake, na vyuo vikuu vya Gulu na Mbarara vina zao. Chagua iliyozoea sayansi za jamii. Kamati iliyozoea majaribio ya dawa itakuuliza sampuli yako imekokotolewa kwa fomula ipi, nawe utapoteza miezi ukieleza ethnografia ni nini.

Utapeleka pendekezo, zana za utafiti, fomu za ridhaa kwa Kiingereza na kwa lugha ya washiriki, wasifu wa watafiti, cheti cha mafunzo ya maadili, bajeti na ratiba. Fomu ya ridhaa ndiyo inayoangusha wengi, kwa hiyo hebu tuiangalie kwa karibu. Wengi huandika: "Utafiti huu unalenga kuchunguza mienendo ya kijamii na kiuchumi ya ujamaa katika muktadha wa ukimbizi." Hakuna mama wa Nakivale atakayeelewa alichokubali. Andika kama mtu anayeongea:

"Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ninajifunza jinsi watu wa hapa wanavyosaidiana na kukopeshana. Nitakaa hapa miezi 12, nikiuliza, nikisikiliza na kuandika. Jina lako sitaliandika. Mimi si mfanyakazi wa UNHCR wala wa serikali. Kuzungumza nami hakuongezi mgao, hakuupunguzi, na hakusaidii faili lako la kuhamia nchi nyingine. Ukitaka niache kuandika habari zako, niambie siku yoyote. Sitakuuliza sababu."

Sentensi ya mgao na faili usiiache kamwe. Katika makazi ya wakimbizi kila mgeni mwenye kalamu anadhaniwa ana uwezo wa kubadilisha maisha ya mtu, na ukinyamaza utakuwa umepata ridhaa kwa matumaini ya uongo.

Eleza pia utafanyaje na watu wanaopita tu dukani ukiwa umekaa pale. Utafanyaje na asiyejua kusoma, ambaye ataweka dole gumba mbele ya shahidi. Na kwamba aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hahojiwi bila mzazi au mlezi kukubali. Kama saini inaweza kumhatarisha mshiriki, omba ridhaa ya mdomo na utoe sababu. Kisha onyesha data itakaa wapi na nani ataifungua, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019.

Tatu, UNCST. Ukiwa na barua ya kamati ya maadili, sajili utafiti kwenye mfumo wa mtandaoni wa NRIMS. Ndani ya hatua hii faili hupitia pia Ofisi ya Rais, ndipo wakuu wa wilaya, wale tunaowaita RDC, watambue kwamba upo. Pakia kila faili kwa jina linaloeleweka na toleo lenye tarehe ileile iliyo kwenye barua ya kamati. Tarehe zisipolingana, faili litarudi.

Nne, ofisi maalumu. Kwa wakimbizi ni idara ya wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), kisha mkuu wa makazi yenyewe. Kwa utafiti ndani ya hifadhi, mathalani Bwindi, ni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). Uliza masharti yao mapema, hata kabla ya kufika UNCST, kwa kuwa kila ofisi ina karatasi zake. Kama wewe si raia wa Uganda, shughulikia na kibali cha uhamiaji sambamba na hili.

Tano, wilaya hadi kijiji. RDC, ofisi za wilaya, gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Beba nakala 10 za kila barua. Kwa mwenyekiti usiende na haraka: salimia, kaa, eleza kazi yako, acha nakala, mpe namba yako ya simu. Barua ya Kampala inakuruhusu kisheria, lakini huyu ndiye watu watakayemuuliza wewe ni nani.

Onyo: usifanye mahojiano hata moja kabla ya vibali kukamilika, hata yale unayoyaita ya majaribio. Data hiyo hutaweza kuitumia, na ikigundulika inaweza kubomoa kazi nzima. Unachoruhusiwa ni kusoma, kujifunza lugha, na kutembelea eneo kama kuingia hakuhitaji kibali.

Panga angalau miezi 6 kwa hatua hii. Idhini ya kamati ya maadili hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo weka kikumbusho cha kuihuisha miezi miwili kabla.

Ukifaulu: una folda moja yenye barua zote, na kichwa cha utafiti kinasomeka neno kwa neno sawasawa kwenye kila barua.

## Hatua ya 6: Uwandani

Wiki za kwanza usihoji mtu. Beba maji, menya viazi, kaa dukani, hudhuria msiba. Watu wakuzoee, nawe uwazoee.

Kila usiku andika, hata ukiwa umechoka. Kumbukumbu ya kesho itakuwa imeshatengeneza hadithi nzuri kuliko iliyotokea. Na andika ulichoona kabla ya unachofikiri. "Leo mwenye duka alikuwa mkarimu" haikusaidii kitu. Linganisha na maandishi haya, niliyoyatunga kwa mfano wetu:

"Saa 4 asubuhi, nje ya duka la K. Mama N. amekuja na kibakuli. Hakuomba kitu. Ameketi, wameongea habari za mvua. K. ameingia ndani, ametoka na unga, ameumimina bila kupima. Mama N. alipoondoka K. ameniambia, 'Huyu ni wa kwetu Fizi.' Baada ya nusu saa kijana wa Masisi amekuja na chombo kama kile. K. amepima kwa kikombe, ameandika kwenye daftari."

Fizi na Masisi ni sehemu mbili tofauti za mashariki mwa Kongo, na humo mna sura nzima ya tasnifu. Unga usiopimwa na unga uliopimwa, daftari lililofunguliwa kwa mmoja na kubaki limefungwa kwa mwingine. Fikra zako ziandike chini, kwa rangi nyingine au kwenye ukurasa wa pili, ili usizichanganye na ulichokiona.

Majina halisi yakae kwenye orodha tofauti, yenye nywila, mbali na madaftari. Kubadili jina pekee hakutoshi: Nakivale "mwalimu Mkongo mwenye mapacha anayeuza mkaa" anajulikana na kila mtu. Badilisha au ondoa alama kama hizo.

Onyo: utaombwa pesa, na mara nyingine ombi litakuwa la haki kabisa, mtoto anaumwa. Amua mapema na msimamizi wako utasaidiaje, na liandike hilo kwenye daftari kama tukio jingine lolote. Katika utafiti wa deni, wewe pia uko ndani ya deni.

## Hatua ya 7: Kuandika

Usisubiri data iishe. Kila baada ya miezi 3 mtumie msimamizi kurasa 5 za ulichoanza kuona. Ukirudi Kampala, anza na tukio moja lenye nguvu, sura ya mapitio ya maandiko ije baadaye. Ukianza na mapitio utazunguka humo mwaka mzima.

Kabla ya toleo la mwisho, rudi uwandani ueleze matokeo yako kwa mdomo, kwa Kiswahili, na usikilize watu wanapokupinga. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliandika mwaka 1972 kwamba Waik wa Karamoja walikuwa watu wasiopendana, baada ya kuwaona wakati wa njaa. Mwaka 1985 mtaalamu wa lugha Bernd Heine alichapisha makala ya kumpinga, akionyesha kwamba hata lugha yao Turnbull hakuijua vya kutosha. Jina baya lilikuwa limeshasambaa dunia nzima, na waliolibeba ni Waik.

## Hatua ya 8: Kuwasilisha na kutetea

Toa notisi ya nia ya kuwasilisha miezi kadhaa kabla, vinginevyo wasahihishaji, akiwemo wa nje ya chuo, watachelewa kuteuliwa. Hakiki muundo wa tasnifu kwa mwongozo wa chuo wa mwaka huo, usitegemee tasnifu ya rafiki. Utetezi ni wa hadhara. Jiandae kwa maswali mawili ambayo hayakosekani: umeongeza nini ambacho hakikujulikana, na ungefanya nini tofauti. Jibu la kila moja lisizidi dakika mbili.

Marekebisho yatakuwepo. Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema msahihishaji, ulichofanya, ukurasa. Litume pamoja na tasnifu iliyorekebishwa. Kisha peleka ripoti ya mwisho UNCST, nakala kwa OPM na kwa mkuu wa makazi, na muhtasari wa kurasa 4 kwa Kiswahili kwa watu wa Nakivale waliokupa mwaka wao.